Meza ya Mlangoni

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini wale wawili kutoka Yerusalemu walipofika Antiokia, mimi mwenyeji ndiye niliyeugua. Hata vumbi la safari hawajalikung'uta, wamekwisha kumjaza kaka yangu Elkana maneno: eti sisi Wayahudi tuliomwamini Yesu tunajitia unajisi kwa kula na Wayunani.

Elkana ndiye ndugu pekee niliyebaki naye. Nilipofiwa na mume, yeye ndiye aliyenishika mkono. Basi jioni ya Sabato, kabla watu hawajakusanyika kwangu kula, nikamkuta anaburuta meza ndogo kuipeleka mlangoni.

"Hiyo ya nani?"

"Ya kina Doro. Wasiotahiriwa wakae kule, sisi huku."

"We kaka! Si juzi tu umekula naye bakuli moja? Na vidole ukalamba!"

"Juzi wageni hawakuwepo."

Nikacheka kwa hasira. Yeye hakucheka.

"Sikiliza, Yemima. Ukikaa nao, usiniite kaka tena. Siku ukifa, atakuzika mwingine."

Namjua Elkana, akishasema kasema.

Doro akaingia na mkewe. Alikuwa na bucha ya nguruwe mtu huyu, akaifunga mwenyewe asije akatukwaza.

"Amani kwenu! Dada Yemima, hizo dengu zako nimezinusa tangu sokoni!"

Kisha akaiona meza. Kicheko kikamkauka.

"Twende zetu," mkewe akamwambia, akimvuta nguo. "Hawatutaki hawa."

"Tukiondoka leo, mke wangu, haturudi tena."

Akakaa pale mlangoni, na Wayunani wenzake wakakaa naye; Wayahudi wakakaa huku ndani na wale wageni wawili. Niliona aibu nyumbani kwangu mwenyewe.

Elkana akanawa, akasimama katikati ya wageni wake, akainua mikono abariki.

"Mkate uko wapi?"

Mkate ulikuwa mmoja tu. Niliuoka kabla ya Sabato kuingia, kama kawaida yetu: tunaumega mmoja, kila mtu anapata. Jua lilikuwa bado halijazama, Sabato haijaisha, na moto hauwashwi.

"Ukate," akaninong'oneza kwa ukali. "Nusu wapelekee."

Nikaushika. Nikamtazama kaka yangu, nikatazama mlangoni. Niliogopa, sisemi uongo.

"Bwana alikufa nusu kwa ajili yao?" nikamuuliza.

Nikaubeba mzima mpaka mlangoni, nikakaa kando ya mke wa Doro.

Mjane mmoja wa kwetu akanyanyuka, akaja kwetu. Wengine wakamfuata. Wageni wakachukua fimbo zao, wakatoka bila kuaga. Elkana akabaki peke yake, mikono bado iko juu. Mungu anisamehe, nilifurahi. Na alale na njaa, nilisema moyoni.

Doro ndiye aliyesogea.

"Hebu jibaneni kidogo," akawaambia wenzake. "Kaka Elkana hajala."

Elkana akashusha mikono. Kisha akaja, akakaa ukingoni, asinitazame. Nikammegea kipande cha mkate, kidogo kama ukucha.

Doro akaniangalia.

Nikamwongezea.