Mfarishi Alioubakisha Mama

Mama yangu, Bi Mwatima binti Usi, alikuwa akishona ovyo. Nasema hivyo kwa mapenzi, na anayebisha na abishe. Kila mjukuu aliyezaliwa nyumbani kwetu Mkunazini alitandikiwa mfarishi mdogo alioshonewa na yeye: viraka juu, sufi ndani, bafta chini. Viraka vyenyewe vilikuwa mabaki ya kanga, vikoi, sare za skuli, chochote kilichochakaa mwilini mwa mtu wa nyumba ile. Aliviweka katika foronya ya zamani. Baada ya Alasiri alikaa ukumbini, akatia mkono, akatoa kimoja, akakiunga na kilichotangulia. Hakupima. Pembe moja ikitoka ndefu aliiacha hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa mshona kofia, na mtu wa kofia hawezi mambo hayo. Kofia ya viua huchorwa kwa penseli kabla sindano haijagusa nguo. Kila kitobo kina mwenzake upande wa pili, na ukikosea kimoja umeiharibu kofia nzima. Nilikuwa nikimtazama mama huku mikono ikiniwasha.

"Mama, chagua japo rangi," nilimwambia.

"Shona kofia zako, Mwanaasha," alinijibu, kisha akaendelea na hadithi yake, maana sindano yake haikwenda bila hadithi.

Alifariki mwaka wa hamsini na nne, wakati wa vuli, na mfarishi wa mjukuu aliyekuwa akimngojea ukiwa nusu. Mjukuu huyo alikuwa tumboni mwa mdogo wangu Kazija, mimba yake ya kwanza. Nguo za mama zilitolewa sadaka kama ilivyo desturi, na kanga zake nzuri zikaenda kwa waliomuosha. Foronya ya viraka haikuchukuliwa na mtu, maana nani atoe sadaka ya matambara? Kazija aliileta chumbani kwangu pamoja na ile nusu ya mfarishi, akaviweka kitandani.

"Wenziwe wote wamelalia mfarishi wa bibi yao," alisema. "Na huyu atalalia. Umalize, dada, lakini uwe wa mama. Ukiwa wako sitaki, bora nimlaze juu ya kanga."

Tangu matanga alikuwa hali chakula wala hasemi, tumbo linakua na mwenyewe anakonda. Siku ya maziko hakutoa hata chozi, alikaa na macho makavu kama anayengoja mama arudi sokoni. Niliogopa. Niliona mtoto atazaliwa kwa mama asiye na nguvu ya kumpokea, na mfarishi ndicho kitu pekee alichokitaka duniani. Nikakubali.

Nilianza kwa akili zangu. Niliitandaza ile nusu sakafuni nikaitafutia kanuni, maana kanuni haikosekani. Nyekundu inafuatwa na nini? Kanga inakaa wapi na kikoi wapi? Nikachora kwenye karatasi ya kufungia sukari, nikafuta, nikachora tena. Kanuni sikuiona, basi nikatunga yangu. Viraka nikavikata sawasawa, vyenye pindo la kanga nikavipeleka ukingoni, vyenye mji, lile pambo la katikati ya kanga, nikavirudisha kati, kila rangi na pacha wake. Sikuwahi kushona kitu kizuri kama kile, na hilo nalisema hadi leo.

Kazija alisimama mlangoni akautazama.

"Umenishonea kofia," akasema, akaenda zake kulala.

Nilikasirika siku nzima. Kisha nikachukua wembe nikafumua upande wangu wote.

Siku iliyofuata nilipanda gari la shamba kwenda Makunduchi kwa Bi Kidawa, dada yake mama, ambaye alishona naye tangu utotoni. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanisemesha Kiunguja cha mjini kwa kunihurumia, maana Kikae chao mimi huitikia tu bila kukielewa.

"Mama akichagua vipi viraka vyake?" nilimuuliza.

"Nani alokuwa akichagua? Mamaako hakuwa na subira ya kuchagua hata samaki. Akishona kwa domo."

"Kwa domo vipi?"

"Akisema. Mtu akisema, mkono unajichukulia wenyewe. Wewe ukishona unanuna kama umefiwa."

Nilikuwa nimefiwa kweli, na yeye pia. Akausogeza ukili karibu na macho kana kwamba anautafutia kasoro, na mimi nikatazama nje.

Niliporudi mjini nilitandika mkeka ukumbini, pale pale mama alipokuwa akikaa, nikamwita Kazija.

"Njoo, nataka mtu wa kusema naye."

"Kusema nini?"

"Chochote. Lakini usitazame sindano, na miye sitazami foronya."

Alilala kwa ubavu akanipa mgongo. Mwanzo tulikuwa kama wageni wawili waliokutana msibani. Akaniuliza kama Makunduchi kumenyesha. Nikamwambia kumenyesha. Nikatia mkono, nikatoa kipande cha kaniki. Kaniki nyeusi, kwenye mfarishi wa mtoto mchanga, tena kando ya njano! Mkono ulitaka kukirudisha, nikauzuia kwa nguvu.

"Imetoka kaniki," nikasema kwa hasira.

Kazija alicheka puani. "Ile aloiunguza mama kwa pasi, akamwambia baba imeliwa na panya?"

"Panya gani anakula nguo kwa umbo la pasi?"

"Baba aliamini."

"Baba hakuamini. Alitaka amani yake tu."

Kikafuata kipande cha sare ya skuli ya Kazija, nacho kikatupeleka hadi siku mama alipoingia darasani na kikapu cha sokoni mkononi, kumuuliza mwalimu kwa nini mtoto wake anarudi na vidole vimevimba. Kikaja cha kanga ya Siku Kuu, ile aliyoivaa Mnazi Mmoja akapotea katika umati, na tulipompata akatugombeza kuwa sisi ndio tuliopotea. Vingine vilikuwa vifupi, vingine vimeoza. Palipobaki pengo nilitia kingine.

Kazija alikuwa akicheka, halafu nikasikia si kicheko tena. Alikuwa akilia kwa sauti, mabega yakimtikisika. Sikumnyamazisha. Niliendelea kushona na kusema huku machozi yangu yakidondoka kwenye viraka, wala sikumbuki kipi nilikiunga na kipi. Usiku ule alikula wali akaomba aongezewe.

Tulikaa hivyo alasiri nyingi, mpaka sufi ikajazwa na ukingo ukafungwa. Mfarishi ulitoka umepinda, pembe moja imezidi. Niliufungia sandukuni nisije nikaingiwa na tamaa ya mkasi.

Kazija alijifungua mtoto wa kiume siku chache kabla ya Ramadhani. Alipokwisha kunywa uji niliuleta mfarishi nikautandaza mbele yake, moyo ukinidunda kuliko siku niliyoposwa. Akapitisha kiganja polepole kutoka pembeni. Alipofika katikati akasimama.

"Hapa ndipo alipoishia mama," akasema.

Ndipo hasa.

"Umejuaje? Haki ya Mungu sikuchagua hata kimoja."

"Mishono. Mama akipiga mikubwa mikubwa. Hii yako ya kofia."

Rangi nilikuwa nimeziachia, vipimo nimeviachia, hata pembe nimeiachia, kumbe mkono wangu mwenyewe sikuweza kuuacha nyumbani. Nikaanza kuukunja, nikamwambia nitaleta kanga safi mtoto alalie.

Kazija aliuvuta kutoka mikononi mwangu. Akautandika upya, akaulainisha, akamlaza mwanawe juu ya ule mpaka wa mishono.

"Kichwa kwa bibi yake," akasema, "na makalio kwako. Akikojoa tujue nani wa kufua."

Alikojoa pale pale, na mimi nikafua.