Tawi Juu ya Chumba cha Mama

Mkaratusi uliokauka uliinamia chumba cha mama, na kwa sababu hiyo binti yake, fundi cherehani, alikuwa hapati usingizi wa maana. Upepo ukivuma, matawi yalilia juu ya mabati, naye roho ikamruka. Mama, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuchoka, alimcheka tu.

"Mti hauna haraka kama wewe, mwanangu."

Kisha tawi nene kama paja likaanguka lenyewe mchana kweupe, hewa imetulia tuli. Fundi cherehani hakungoja tena. Akaenda kumwita mkata miti.

Watu walimwita Tumbili. Alifika anataniana na mkewe, ambaye ndiye mshika kamba wake. Akagonga shina kwa mgongo wa panga. Likaitika kama debe tupu. Akainama, akaona uyoga umeota mizizini. Utani ukamwisha.

"Huu siupandi," alisema. "Nikijifunga hapa, nimejifunga kwenye jeneza. Nitapanda ule mzima wa pembeni. Na ndani asibaki mtu."

Mama akatolewa, akakalishwa kwenye kiti ng'ambo ya barabara. Tumbili akapanda, akajifunga kiunoni kwenye mti mzima, kisha akalifunga kamba nyingine lile tawi kubwa lililotanda juu ya paa. Kamba ilipita kwenye panda ya mti mzima ikashuka hadi chini, mkewe akaizungusha shinani ili aliteremshe tawi polepole.

Msumeno wa mashine ukanguruma. Fundi cherehani akageuka kumtazama mama.

Kiti kilikuwa kitupu.

Dirishani mtandio wa mama ulipita.

"Simamisha! Mama yumo ndani!"

Msumeno ulimeza sauti yake; mke wa Tumbili tu, aliyekuwa chini karibu naye, ndiye aliyeisikia. Papo hapo mti ukalia kama mfupa unaovunjika, tawi likakatika kabla msumeno haujafika nusu. Kamba ikakaza, ikamvuta mke wa Tumbili hadi kifua kikagonga shina. Tawi likaning'inia juu ya mabati, likizunguka taratibu.

"Achia, mke wangu! Itakukata vidole!"

"Kuna mtu ndani!" mkewe alijibu.

Fundi cherehani alikimbia chini ya tawi lile bila kutazama juu. Alimkuta mama amepiga magoti, anapapasa chini ya kitanda.

"Miwani yangu, ngoja kwanza..."

Hakungoja. Alimkumbatia kiunoni, akamburuta kama gunia, huku mama akilalamika kwamba anaumizwa. Wamevuka kizingiti tu, kamba ikamponyoka mke wa Tumbili. Paa likapasuka. Kitanda kikavunjika katikati.

Tumbili alishuka, akashindwa kulifungua fundo la kiunoni mwake. Mkewe hakuweza kumsaidia. Viganja vyake vilikuwa vimechunika, damu inamtiririka hadi viwikoni. Fundi cherehani ndiye aliyelifungua.

"Shina bado limesimama," Tumbili alisema kwa sauti ndogo. "Kesho nitarudi na wenzangu. Leo msilale humu."

Jioni walikwenda kwa mama mdogo. Njia nzima mama alimbana binti yake mkono, na kila penye mti barabarani alisimama kwanza, akatazama juu, ndipo akakubali kupita.