Bilulu kwa Isaka

Kalumba alivua viatu mlangoni, akavipanga ncha zikielekea nje kama desturi ya nyumba ilivyotaka, na wahudumu wote wakampigia kelele ya makaribisho kwa Kijapani. Ilikuwa Alhamisi, jua bado halijazama. Alikuwa na miadi na mtu aliyeweza kumbakizia mke wake mjini, na kwa mazungumzo ya namna hiyo Kolwezi nzima ilikuwa na mahali pamoja tu pa heshima.

Kibao cha mlangoni kilisema *Izakaya Nishida*. Izakaya, kwa Wajapani, ni nyumba ya kunywea ambamo chakula huja kidogokidogo, sahani ndogo baada ya sahani ndogo. Kolwezi ilisoma "Isaka ya Nishida," ikaelewa kwamba Nishida alikuwa na mtu wake anayeitwa Isaka, na tangu hapo ikala kwa Isaka. Wateja wengine, wakitoka, walimwomba Bwana Nishida amsalimie Isaka. Aliinama akajibu kwamba salamu zitafika.

Bwana Nishida alikuja zamani pamoja na mainjinia wa kwao waliotafuta shaba. Mainjinia waliondoka, yeye akabaki na jiko lake la makaa. Kwa miaka mingi samaki wake walifika kwa ndege. Kisha mgodi mkubwa ukaporomoka, kampuni ikaporomoka nyuma yake, mishahara ikasahau njia, na ndege ikaacha kuja. Nyumba nyingine za chakula zilifunga milango. Kwa Isaka hapakufungwa, kwa sababu siasa iliwahi kufika jikoni.

Kwa Kiswahili cha Kolwezi kilulu ni mdudu, na wengi wao ni bilulu. Mwaka ule neno lilipewa kazi ya pili: liliwataja watu wa asili ya Kasai, mkoa mwingine wa Kongo, ambao babu zao waliletwa na makampuni kuchimba shaba na ambao sasa walitakiwa kurudi mahali ambako wengi wao hawakuwahi kufika. Jumapili moja msemaji alisimama uwanjani akatangaza kwamba bilulu lazima watoke, na panzi mmoja akatoka kinywani mwake, akatua juu ya maikrofoni. Watu walipiga makofi. Kufikia jioni kila aliyelitamka neno lile kwa maana yake mpya alitoa kilulu chake. Vijana walitoa nyenje. Makarani walitoa kumbikumbi. Wenye diploma walitoa panzi wa miguu mirefu, pengine kwa kuwa walianza sentensi mbali.

Bwana Nishida alizaliwa katika mkoa wa milimani usio na bahari, ambako panzi hupikwa kwa sosi ya soya na sukari mpaka wang'ae. Hakuuliza maswali. Aliweka bakuli lenye kifuniko katikati ya kila meza, na wateja wakajadili hali ya nchi. Ilikuwa nyumba pekee ya Kolwezi ambayo chakula chake kiliongezeka kadiri mambo yalivyoharibika.

Mukalay alikuwa amekwisha kuketi mezani pa kona, soksi yake ya kushoto ikionyesha kidole gumba. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya vijana wa mtaa wa Dilala. Umri wake ulikuwa miaka hamsini na miwili.

"Tata Kalumba! Ikala, ikala. Unachelewa. Ao bibi yako alikufungia mulango?"

"Président, samahani. Pikipiki ilikosa mafuta."

Kalumba aliketi. Alikuwa mkuu wa bohari ya vipuri, mtu wa kaskazini mwa mkoa huohuo, Mkatoliki, aliyeoa mwanamke wa asili ya Kasai aliyezaliwa katika hospitali ya kampuni umbali wa mitaa miwili na nyumba yao. Mke huyo aliitwa Henriette. Katika miezi yote ya bilulu Kalumba hakuwa amelitamka neno lenyewe. Alisema "wale ndugu zetu" au "watu wa upande ule," na kinywa chake kilibaki safi.

Mhudumu aliwapa taulo za moto. Ikaja mishikaki ya kuku, ikaja biringani ya kuchoma. Meza ya jirani shemasi mmoja alikuwa akieleza jambo huku amefunika mdomo kwa mkono, kama watu waungwana wanavyofanya wakichokoa meno, kisha akatia alichokitoa ndani ya bakuli na kurudisha kifuniko taratibu.

"Mi nakuja juu ya bibi yangu," Kalumba akasema.

"Najua. Mama Henriette ni muntu muzuri. Ku matanga ya dada yangu alituletea beignets, mandazi ya mafuta, hata leo mi nazikumbuka. Mi sina neno naye." Mukalay akafyonza kijiti cha mshikaki. "Lakini bajeunes, bale bijana bangu, banauliza. Banasema: huyu Kalumba iko wa kwetu, ao iko wa kwabo?"

"Niko wa kwetu."

"Basi sema."

"Niseme nini, Président?"

"Aa, tata! Weye ulisoma kwa bapadri, usinifanye mi mujinga. Angalia bakuli. Bya ndani byote ni byangu. Kila jioni unakula jasho ya bengine, na weye unakuja na meno tu."

Watu wa meza ya jirani wakacheka. Kalumba hakuona aibu, alikuwa akifikiri. Hoja yake aliiandaa tangu nyumbani, nayo ilikuwa hoja nzuri. Neno, alijiambia, ni sauti. Kinachotoa mdudu ni maana, na maana imo moyoni, na yeye moyoni hakuwa nayo. Atalitamka, hakitatoka kitu, Mukalay atabaki amelisikia, na Henriette atabaki nyumbani. Tatizo moja tu lilikuwa kumweleza Mukalay kwa nini bakuli limebaki vilevile, na kwa hilo alikuwa tayari kusingizia kiungulia.

"Bilulu batoke," Kalumba akasema.

Panzi aliteremka ulimini mwake akatua juu ya sahani. Alikuwa wa kijani, mwenye afya, si mdogo kuliko wa shemasi wala mkubwa kuliko wa Mukalay. Alijifuta vipapasio vyake kwa miguu ya mbele. Kalumba alimtazama kwa muda akitafuta tofauti, bawa lililopinda, rangi iliyofifia, alama yoyote ya mdudu aliyetoka kwa mtu asiyemaanisha. Hakuiona. Bwana Nishida alikuja, akainama, akamchukua kwa vijiti vyake, akaenda naye jikoni.

Aliporudi panzi alikuwa ameng'aa. Mukalay alimsogezea Kalumba sahani.

"Kula. Hii njo yako."

Kalumba alikula. Kilikuwa kitamu. Hilo lilikuwa jambo la hakika, na yeye alizoea kuheshimu mambo ya hakika.

"Mama Henriette anabaki," Mukalay akasema. "Parole, neno yangu. Hakuna kijana atagusa mulango yako."

"Asante, Président. Na mukwe yangu?"

"Nani?"

"Mama Bilonda. Mama ya bibi yangu. Tunaikala naye nyumba moja. Miguu yake ni mubaya."

Mukalay alimtazama kwa huruma ya kweli. "Tata Kalumba, tuliongea juu ya bibi. Mukwe, ile ni neno ingine. Kamyo ya kubapeleka ku train itapita kesho asubui. Kamata biringani, inapoa."

Nyumbani Henriette alikuwa uani akifunga masufuria ya mama yake kwa kitenge. Mama Bilonda aliketi kando juu ya kiti, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mtoto wao Mignonne alikuwa bwenini kwa masista Lubumbashi. Tena alihesabiwa mtoto wa baba, na kamati haikuwa na shida naye.

"Tata Mignonne, basemaka nini?"

"Weye unabaki."

"Na mama?"

Henriette aliinuka, akamsogelea mumewe, akamtazama mdomoni.

"Iko kintu mu meno yako."

Alitia kidole akakitoa. Ulikuwa mguu wa panzi, wenye miiba yake midogo. Henriette aliutazama, akarudi kwenye kitenge, akakaza fundo.

"Mi naenda na mama," akasema. "Hawezi kupanda train peke yake."

"Lakini nilikupatia ruhusa! Unajua nilifanya nini juu ya kuipata?"

"Najua. Mupatie mwingine."

"Wee, Kalumba," Mama Bilonda akasema kutoka kwenye beseni, "maji imepoa. Niongezeeko kidogo." Kalumba akaenda kuchemsha maji.

Henriette na mama yake walikaa kituoni muda mrefu wakingoja treni, chini ya mashuka waliyoyafanya mahema, pamoja na wengine waliojaza uwanja mpaka barabarani. Kalumba aliwapelekea unga na makaa. Siku treni ilipokuja vijana wa Dilala walikuja pia, wakaimba wote neno lao kwa sauti moja, na wingu lililotoka vinywani mwao likafunika mabehewa hata dereva akangoja liinuke ndipo aweze kuona reli. Wanawake wa sokoni walikuwa wamejiandaa kwa mabeseni. Kalumba aliita jina la mke wake mara nyingi. Mabawa yalipiga kelele sana. Henriette alikuwa dirishani, akitazama upande mwingine, au alikuwa mwanamke mwingine mwenye kitambaa kama chake.

Mavuno ya siku ile yalikuwa makubwa, na Bwana Nishida akaweka meza nyingine hadi kibarazani. Mukalay alimtumia Kalumba ujumbe aje wale pamoja. Kalumba alikwenda. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kupika.

Walikula sahani kadhaa kama watu waliozoeana. Kisha Mukalay akafuta mikono.

"Nasikia mama alienda."

"Alienda."

"Na mi nilitoa parole yangu abaki. Weye ni shahidi." Mukalay alitikisa kichwa, ameumia kidogo. "Kesho bazungu ba droits de l'homme, bale ba haki ya binadamu, batakuja kuuliza. Utabaambia vile ilikuwa. Hakuna mutu alimufukuza."

Shemasi, mezani pa jirani tena, aligeuka kusikiliza. Kalumba alitafuna akameza, akanywa chai.

"Ni kweli," akasema. "Hakuna mutu alimufukuza."

Wote watatu walingoja kilulu. Kinywani mwa Kalumba hakikutoka kitu.