Kitanzi cha Mama

Mkuu wa shule alipoingia bwenini kukagua vitanda, alinikuta nimekaa sakafuni, mikono yote miwili imefungwa kwa sufu nene ya kijivu kutoka vifundoni hadi karibu na viwiko. Wenzangu walikuwa wima kando ya vitanda vyao kama askari wa gwaride. Mimi sikuweza hata kuinuka. Nilimwamkia kutoka chini, kwa heshima zote alizostahili.

"Nani amekufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe, mwalimu. Kwa hiari yangu na akili timamu."

Ili haki itendeke, yafaa nianze na shingo ya mama.

Mama alikuwa mpakiaji katika kiwanda cha kugandisha samaki. Kiwanda kiliwapa koti zito, lakini koti liliishia chini ya kidevu, na baridi haihitaji kuonyeshwa njia. Basi mama akawa anajifunga skafu. Siku moja ncha ya skafu ikanaswa na mkanda unaosafirisha makasha, nao ukamvuta kama mbuzi anayepelekwa sokoni, mpaka mwenzake alipozima mashine. Toka siku hiyo msimamizi akapiga marufuku: akionekana na kitu chochote kinachoning'inia, kazi hana. Mama akatii, na kikohozi kikaja kukalia kiti cha skafu. Likizoni nilimsikia akikohoa kila alipocheka, na mama yangu ni mtu wa kucheka. Kisha msimamizi akaongeza la pili: zamu zikipangwa upya mwanzoni mwa mwezi, anayekohoa juu ya samaki wa watu abaki nyumbani.

Huku mkanda, kule kikohozi. Nilirudi shuleni na azimio moja tu, nami si mtu wa maazimio. Nitamfumia mama skafu isiyo na ncha: duara tupu, la kuvaliwa kwa kupitisha kichwa, lisilo na mahali pa kukamatwa na mashine yoyote duniani. Jumapili ya wageni akija, aondoke nalo shingoni.

Mwalimu wa ushonaji alinipa mabonge ya sufu iliyobaki stoo, uzi mnene kama kidole, na sindano mbili za mbao. Akanifundisha kuanzisha vitanzi, kuvipitisha kimoja ndani ya kingine, na kutokaza mno. Mchana nilifuma. Baada ya chakula nilifuma. Hata kengele ya michezo ilinikuta nafuma.

Aliyeniponza ni rafiki yangu wa kitanda cha juu. Tulimwita Redio, maana hajawahi kunong'ona tangu azaliwe. Tukiwa kwenye kamba za kuanikia nguo, akanirushia swali kutoka upande wa pili wa mashuka.

"Kitanzi cha mama yako kimefikia wapi?"

"Kimebaki kukazwa tu," nikamjibu. "Kichwa kitapita vizuri. Nimepima kwako ulipolala."

Nyuma ya shuka la tatu alikuwepo mwalimu wa zamu.

Kabla ya jioni nilikuwa ofisini. Mkuu wa shule alikuwa amevua miwani, dalili mbaya.

"Naambiwa unamtengenezea mama yako kitanzi."

"Cha shingoni, mwalimu," nikasema, nikidhani anataka kujua vipimo.

Yafaa ikumbukwe kwamba muhula uliopita mtu fulani aliuvisha ulimi wa kengele soksi, shule nzima ikachelewa kuamka, na mtu huyohuyo akasoma risala ya mazishi ya kengele mbele ya mstari. Toka hapo nikaitwa Mheshimiwa, na neno langu likashuka thamani. Nilieleza habari za kufuma, nikaeleza mkanda, nikaeleza samaki. Kadiri nilivyoeleza ndivyo hadithi ilivyonuka utani, hata mimi niliisikia. Akanyoosha mkono. Nikamkabidhi sindano zote mbili, zikiwa bado na kazi yangu.

"Zitakaa hapa. Jumapili mama yako akija, nitamwuliza yeye."

Jumapili ningekuwa nimechelewa. Duara lisilokamilika ni kitambaa tu.

Nilitoka nikiwa nimepoteza kila kitu isipokuwa mabonge mawili yaliyobaki chini ya kitanda. Hayo hakuyataja. Na mimi, tofauti na ninavyosemwa, ni mtiifu sana kwa neno lililotajwa.

Sindano ni kijiti cha kushikilia vitanzi, basi. Mkono nao ni kijiti. Nikaanzisha vitanzi kwenye mkono wa kulia, vikapanda kama bangili za bibi harusi. Nikashika nyuzi mbili kwa pamoja ili baridi isipate tundu, nikazikunjia ngumi, nikavusha kitanzi juu ya ngumi, na kitanzi kipya kikahamia mkono wa kushoto. Ukimaliza unarudi ulikotoka. Shida yake ni moja: huwezi kuweka kazi chini. Ukitaka kujikuna, unamwomba jirani. Redio alinikuna pua na kulitangazia bweni zima kuwa nimekamatwa na polisi wa kondoo.

Ndivyo nilivyokuwa ukaguzi uliponikuta.

"Nilisema nini?" mkuu wa shule akauliza.

"Ulichukua sindano, mwalimu. Mikono uliniachia."

Mtu mmoja akacheka, akajuta. Nilikuwa na jibu jingine tayari, zuri kuliko hilo. Nikaliacha.

"Mama anakohoa," nikasema. "Wakipanga zamu akiwa bado anakohoa, watamtoa."

Alinitazama usoni muda mrefu, akitafuta soksi ya kengele. Kisha akainama, akaokota bonge lililokuwa limebiringika chini ya kitanda cha jirani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu nilichokuwa sijakitandika.

"Uzi unakuvuta," akasema. "Fuma, mimi nitakuachia."

Alinilegezea uzi mpaka mstari wa mwisho, akanishonea miisho miwili pamoja kwa mkono wake, maana wangu ulikuwa umekufa ganzi. Hakusema pole. Sindano alizirudisha kesho yake kupitia kwa Redio, kwa hiyo wote walijua.

Jumapili mama alilipitisha duara kichwani, akazamishwa hadi puani. Akalikunja mara mbili, akaanza kulizungusha, akivuta hapa, akivuta pale.

"Ncha umezificha wapi?"

"Hakuna, mama."

Akavuta tena, kwa nguvu, kama mkanda.

Zamu zilikuwa zimeshapangwa aliponipigia, kwenye simu ya matroni.

"Msimamizi alinizunguka akitafuta pa kunikamata," akasema. "Akakosa. Amenipanga tena kwenye mkanda. Halafu wakati wa chai akanivuta pembeni, akauliza kama fundi anapokea kazi."

"Mwambie apange foleni."

"Nimemwambia fundi ana mitihani."

Akacheka. Nikaibana simu sikioni nikisubiri. Kikohozi kilichelewa, kikaja kimoja, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba aliyokwisha kuhama. Mama akaendelea na habari za jirani na paka wake.

"Mbona kimya? Upo?"

"Nipo, mama. Sema."