Fahali Aliyekwenda Kutembea

Fundi viatu wa jirani anadai alimwona kwa macho yake mawili. Anasema Jumatatu asubuhi fahali alipita mbele ya kibanda chake akielekea kwa mjane, kifua mbele kama bwana harusi, na jua lilipofika utosini akarudi kwa njia ileile, miguu mizito. "Na aliyeshika kamba," akamalizia, akikata uzi kwa meno, "ni Karani mwenyewe."

Karani alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka hapo, uani kwa mjane, simu mkononi.

Walimwita hivyo ingawa binti wa watu aliishia shule ya msingi. Kazi yake ilikuwa kuinamia masikio ya ng'ombe, kusoma namba kwenye hereni za manjano, na kuingiza kwenye simu nani katoka boma gani kahamia lipi. Aliyeuzwa aliandikwa. Aliyekufa aliandikwa. Fahali wa kupandisha hakuandikwa. Anayekwenda asubuhi akarudi mchana hajahama, wafugaji walisema. Kaenda kutembea tu. Naye akazoea hivyo.

Sasa ng'ombe watatu wa mjane walijibanza kwenye kivuli cha ukuta, ute ukiwaning'inia midomoni, wakibadilisha miguu kama waliokanyaga makaa. Wa nne hakuinuka tangu jana.

Daktari wa mifugo alisoma kwenye simu yake rekodi alizoingiza Karani. "Miezi minne hapa hajaingia mnyama. Na ugonjwa huu hauoti kama uyoga, mama. Umemwingiza nani kwa siri?"

"Kwa siri hata paka sijamwingiza, daktari. Fahali alikuja waziwazi."

"Basi nitaandika umeficha. Aliyeficha, mifugo yake inachukuliwa yote, wazima kwa wagonjwa. Na kama ni huyo fahali, boma alikotoka nalo ni hivyohivyo."

"Hereni wavae wao, lawama nivae mimi," mjane alisema, akacheka kidogo, peke yake.

Mwenye fahali aliegemea lango, fimbo begani. Alikuwa mjomba wake Karani. Ndiye aliyemlea tangu mama yake alipofariki, ndiye aliyemnunulia hiyo simu. "Fundi huyo tundu la sindano lenyewe halioni," alisema. "Fahali wangu atamjulia wapi?"

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Alikuwa akimtazama mpwa wake.

Karani aliangalia chini. Alfajiri ya siku hiyo, alipokwenda kumwaga maji zizini kwa mjomba, alimkuta fahali ameyaacha majani, amesimama kwa miguu mitatu, wa nne ameuinua. Nyuma yake ng'ombe thelathini na mmoja walikuwa bado wanatafuna. Na Jumanne alikuwa amempeleka boma jingine. Jumatano jingine tena. Huko hakuna aliyejua lolote.

"Karani," daktari aliita. "Mwandishi ni wewe. Alikuja au hakuja?"

"Jibu, mpwa wangu," mjomba wake alisema, kwa sauti ileile aliyozoea kumwitia chakula.

Mjane alimsogelea. Mikono yake ilinuka dawa ya vidonda. "Mwanangu," alisema taratibu, "sikuombi uongo. Nakuomba useme alikuja. Basi."

Karani alifungua mdomo.

Kwenye kivuli, ng'ombe aliyelala akajaribu kuinuka. Akanyanyua sehemu ya nyuma, magoti ya mbele yakabaki chini, akakwama hapo. Watu wote wakageuka kumtazama, kwa kuwa huyo walau alitazamika kuliko Karani.