Mbuzi wa Akuam Apanda Gari

Mjukuu wangu Ruweida alipotuambia kwamba Jumamosi mumewe Huqa atatupeleka mbuga ya Buffalo Springs kutembea na kurudi jioni, mimi na rafiki yangu Akuam tulitazamana tukacheka kama wasichana. Huko porini si tumekulia? Mimi nilichunga ng'ombe pembeni mwa hiyo mbuga tangu meno ya utoto, naye Akuam mbuzi wa baba yake. Lakini kuingia kwa geti, umekalia kiti, kumwangalia twiga wakati hutafuti ndama aliyepotea? Hiyo hatujawahi.

"Tukifika tutafanya nini?" Akuam akauliza.

"Mtaangalia wanyama, nyanya."

"Na wanyama wetu?"

"Wenu watabaki nyumbani."

Akuam akatazama uani. Mbuzi wake Nakori alikuwa na tumbo kama pipa, na mwaka jana alizaa peke yake, mtoto akafa kabla mtu hajafika.

"Kama Nakori hajazaa, mimi siendi," akaniambia. "Wewe nenda, utanihadithia."

Nimhadithie nini? Mimi nikimwona twiga na Akuam hayuko kando yangu, nitacheka na nani? Basi kila asubuhi nikawa nasalimia tumbo la mbuzi kabla ya kusalimia watu. "Zaa, mama, zaa." Nakori ananiangalia tu, anatafuna.

Hata hivyo nikafunga mizigo ya watu wawili. Nilipika anjera, chapati zetu laini, nikazipanga kwa sufuria, na kitambaa juu. Nilitoa nyirinyiri, ile nyama yetu ya kukaangwa inayokaa ndani ya mafuta, nikaonja kidogo kuhakikisha haijaharibika, halafu nikahakikisha tena. Kibuyu cha maziwa nilikifukiza kwa kaa la moto mpaka kikanukia vizuri. Mtungi wa maji, kamba, mkeka, panga, vigoda viwili, chumvi ya mifugo.

"Akko, chumvi ya mifugo ya nini?" Ruweida akaniuliza; akko kwetu ni nyanya.

"Mkono umezoea," nikasema. Kwetu mtu haendi porini mikono mitupu, na mimi sijajifunza kwenda kwa namna nyingine.

Jumamosi alfajiri Huqa akafika na gari lake hapa mtaani kwetu Bulla Pesa. "Salaam aleikum, Akko." Akaona ule mlima wa mizigo mlangoni. "Mnahama?"

"Aleikum salaam. Funga mdomo, fungua mlango."

"Ni safari ya siku moja tu! Huu mtungi wa maji utabaki. Na kamba pia itabaki."

Tukiwa tunavutana, nikageuka nikamwona Akuam amekaa tayari kiti cha nyuma, shanga zote shingoni, kando yake blanketi kubwa jekundu. Moyo wangu uliruka!

"Akuam! Umekubali?"

"Nimekubali," akasema, anaangalia mbele kama abiria wa ndege.

Halafu blanketi likapumua. Likasema, "Meee."

Huqa akalifunua. Nakori akamtazama usoni.

"Nyanya Akuam, hii ni nini?"

"Maziwa ya chai."

"Mbuzi hawaruhusiwi mbugani! Simba je, akimwona?"

"Si mlisema tunaenda kumwona simba? Basi atakuja mwenyewe, msihangaike kumtafuta."

Ruweida alicheka mpaka akashika ukuta. Huqa akasema mbuzi ashuke. Akuam akasema, akishuka mbuzi, na yeye anashuka. Akaanza kuinuka na shanga zake zote, mimi nikaanza kuona machozi yangu yanakuja. Hapo ndipo Nakori alipolala chini, akanyoosha miguu, na maji yakamwagika.

"Kiti changu!" Huqa akalia.

"Usimpigie mama kelele, anazaa," Akuam akamwambia.

Tukamshusha kwa lile blanketi. Mulki, jirani yetu wa mlango wa pili, akaja mbio na leso kichwani. Akuam akapiga magoti, mimi nikashika miguu, na kabla jua halijapanda juu ya mabati mtoto alikuwa chini, analia, hai kabisa. Tukanawa kwa maji ya mtungi wangu. Nikamfunga Nakori kivulini kwa kamba yangu. Huqa akaangalia mtungi, akaangalia kamba, akasema polepole, "Akko, hivi vitu tuvipakie kwenye gari?"

"Kamba ina kazi. Beba mtungi."

Akuam hakusogea mpaka yule mdogo aliposimama, akaanguka, akasimama tena, akashika chuchu akanyonya, mkia ukitikisika.

"Nitakaa nao mpaka mrudi," Mulki akamwambia. "Nenda, mama. Nenda!"

Akuam akapanda. Kiti kilikuwa kimelowa, akakalia mkeka wangu. Gari lilipoondoka akatoa kichwa dirishani, akamwangalia yule mtoto mwenye shingo ndefu na madoa ya kahawia, akanipiga bega kwa nguvu.

"Uuuwi! Huyo ni wa kwanza," akasema. "Twiga huyo! Hata geti hatujafika!"

Tukacheka mpaka Huqa akasimamisha gari afute macho yake.