Kiuno cha Pikipiki ya Arvid

Pikipiki ya theluji ya marehemu mwanangu Arvid haikubali kusimama wima. Kila jioni naiweka sawasawa bandani, skii zake mbili zikitazama mlango, na kila asubuhi naikuta imeegemea kushoto, upande wa mlima, kama mtu anayetega sikio. Miaka minane sasa. Mwanangu mdogo, Dag, anasema ni sakafu. Sakafu niliimwagia maji mwenyewe. Maji hayakwenda popote.

Ijumaa moja Dag alikuja na sanduku la spana. Akaweka juu ya meza yangu ya jikoni, kando ya mkate, kipande cha chuma chenye matundu mawili.

"Signe," akamwambia mjukuu wangu, binti wa Arvid, "kesho hupandi mteremko wa Bega la Dubu kwa pikipiki ya baba yako na kiuno kile. Leo nakifunga."

Kiuno ndicho ugomvi wa bonde letu. Pikipiki hizi za milimani zina kiungo huko nyuma, pale mkanda wa mpira unaozisukuma unaposhikana na mwili, ili mwili uweze kulala upande huku mkanda umekanyaga theluji. Wengine wanakipenda. Wengine wanasema kinacheza mno: unakata mteremko kwa ubavu, nyuma inakusaliti. Hao hukikaza kwa chuma na bolti mbili. Watu wamenuniana kanisani kwa ajili ya kiuno.

"Mimi kinanifaa, baba mdogo," Signe alisema. "Nikiinama, nayo inainama. Sina kilo mia kama wewe."

"Mia na nne. Usinipunje, nimezitafuta kwa mikate ya bibi yako." Halafu Dag akaacha utani. "Baba yako naye alisema kinamfaa. Mimi nilikuwa chini yake siku ile. Nyuma ililegea, akateleza mpaka kwenye miti."

Signe alikuwa na miaka kumi na mitano baba yake alipokufa. Tangu hapo hakuwa amefika Bega la Dubu. Kesho yake alitaka kuukata mteremko uleule, avuke, arudi, aache kuuota. Alikigeuza kile chuma kiganjani.

"Kama ndicho kilichomuua, kifunge," akasema.

Nilikuwa nakanda unga. Nikauacha.

Maana asubuhi ya mwisho ya Arvid naijua mimi. Bega lake la kulia lilikuwa halijapona. Alikuwa amelivunja kwenye kiwanda cha mbao. Mimi ndiye niliyemng'ang'ania. Nilimwambia, hiyo pikipiki inayumba kama mlevi wa harusi, ifunge kiuno nami nipate usingizi. Hakutaka. Lakini mwanangu huyo hakujua kuninyima kitu. Akakata chuma, nikamshikia tochi, akakaza bolti mbili. Mlangoni akageuka.

"Kitendawili, mama."

"Tega."

"Niendapo ananifuata, nirudipo ananitangulia."

Nikafikiri, nikashindwa. Akataka mji. Nikampa Kamloops, akasema Kamloops ina vumbi. Nikampa Vancouver yote na bahari yake, akapokea.

"Nikirudi nitakupa jibu," akasema.

Kesho yake wenzake waliiteremsha pikipiki, wakaiacha bandani. Kabla mtu hajaichungulia, niliingia na spana namba kumi na tatu, nikakitoa kile chuma, nikakizika kwenye debe langu la unga. Watu waliposema kiuno kililegea, nikanyamaza. Nami nawaambia, debe hilo hata nilijaze pomoni, nikichota unga wa juu kabisa, kibaba kinagonga chuma. Ti. Kila nikioka.

Dag alikuwa ameshashika spana.

"Kaa," nikamwambia. "Kaeni wote wawili."

Nikazamisha mkono ndani ya debe. Sikuhitaji kutafuta. Nikakipangusa kwa aproni, nikakilaza kando ya chuma cha Dag. Matundu mawili kwa matundu mawili, kama ndugu. Nikawasimulia yote, mpaka kile kitendawili.

Dag ndiye aliyesema kwanza. "Mama, mimi niliiona ikilegea."

"Ulimwona anashindwa kuilaza. Bega lile halikuwa na nguvu ya kuinamisha kitu kilichokazwa."

Alifunika uso kwa viganja. "Ilikwenda bapa," akasema humohumo viganjani. "Ilishuka bapa, kama sinia. Miaka yote hii nikijiuliza mbona ilikuwa bapa."

Signe alikuwa anautazama mkate. "Miaka minane," akasema, "umenilisha kutoka kwenye debe hilo."

Aliinuka. Akatoka. Nikamwona dirishani akiingia bandani, na Dag, mwanamume wa kilo mia na nne, akamfuata mikono mitupu. Spana alikuwa ameziacha mezani.

Jumamosi theluji mpya ilikuwa imeanguka, magotini. Sisi mtu haondoki kabla hatujakipima kile kidude cha kifuani, kinacholia ili wenzako wakufukue ukifukiwa na theluji. Signe alisimama mbele yangu bila kunitazama. Nikakisogelea na changu, kikalia. Hakunikumbatia. Aliwasha pikipiki, ikainama alivyoinama yeye, laini, ikapotea nyuma ya misonobari. Dag nyuma yake.

Siku ile sikuoka. Nilikaa nikiusikiliza mlima. Saa tisa ndipo nikasikia ngurumo mbili zikishuka, nikahesabu tena kuhakikisha ni mbili.

Signe aliingia na buti zake zenye theluji, jambo ninalolikataza, nami nikampakulia supu. Alikaa, akashika bakuli la supu kwa mikono yote miwili.

"Nimekipata kitendawili chake," akasema. "Ni alama ya mkanda kwenye theluji. Ukienda inakufuata. Ukirudi njia ileile, iko mbele yako."

Nikaangusha machozi juu ya aproni. Mwanangu hakurudi kuifuata yake.

"Umevuka na nani pale?" nikamuuliza.

"Peke yangu. Baba mdogo alibaki chini ananitazama. Hakuna mwingine aliyepita, theluji ilikuwa haijaguswa." Akanywa kidogo. "Bibi, nilipogeuza kurudi, mbele yangu alama zilikuwepo mbili."

Nikamtazama Dag mlangoni. Alikuwa ameshika kofia yake, hakuniambia macho ya mtoto yamemdanganya, hakusema ni sakafu.

"Hiyo ya pili," nikauliza, "ilikuwa imelalia wapi?"

"Upande wa mlima," Signe akasema, akanisogezea bakuli nimwongeze supu.